Kayaki ya mawimbi inunuliwe kwa kipimo cha mwili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase wanaoagiza kayaki za bahari, hasa zile fupi za kuchezea mawimbi: wasinunue kwa futi. Urefu wa chombo ndio huandikwa kwanza kwenye tangazo, lakini hausemi mengi kuhusu kama kitamfaa mnunuzi.

Kayaki ya aina hii mkuku wake umepinda kuelekea omo na tezi, na ubavu wake una kona badala ya kuviringana. Ukiinua goti moja, chombo hulala upande, ncha zake hulegea majini, nacho hugeuka upesi. Yote hayo hutegemea chombo kimezama kiasi gani, yaani uzito wako. Mtu wa kilo 50 katika kayaki ya mtu wa kilo 90 huelea juu kama kifuu. Kusi likivuma humsukuma linakotaka, na kukilaza chombo ubavu ni kazi ya kumchosha. Naye mzito katika kayaki ndogo huuzamisha mpindo wote wa mkuku. Chombo kinakuwa kizito kugeuka, na wimbi dogo tu hupanda sitahani hadi kifuani.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. P&H ya Uingereza ilitoa Delphin 150 na 155: urefu hautofautiani hata nusu futi, lakini ya kwanza ni ya watu wepesi, ya pili ya wa wastani na wakubwa. Dagger Stratos ina S na L, kama fulana. Kayaki iitwayo Romany, ya kisiwani Anglesey, Wales, ina nduguye Romany Surf, yenye nafasi zaidi. Kwa mtumba, basi, uliza namba au herufi hiyo kabla ya kuuliza bei.

Unapopiga hesabu ya uzito, usiishie kwenye mwili. Jumlisha jaketi la kuokolea, lita 4 za maji ya kunywa, kamba ya kuvutana, chakula na kasia la akiba. Kilo 10 hufika bila kutarajia. Jumla hiyo iangukie katikati ya kiwango cha uzito alichotaja mtengenezaji, isiwe pembezoni.

Kisha keti ndani ya chombo kikiwa mchangani, umevaa viatu vyako vya majini. Wengi hujaribu pekupeku dukani, halafu baharini nyayo zinakwama chini ya sitaha, hasa wavaao namba 45 kwenda juu. Sehemu ya mbele ya wayo ikae kwenye vikanyagio, magoti yamekunjika kidogo. Ukikandamiza vikanyagio, mapaja yaguse vishikio vilivyo chini ya sitaha; ukilegeza, yaachie. Kama lazima upanue magoti kwa nguvu ili kuvifikia, chombo ni kipana kwako. Kila upande wa nyonga kiganja kilicholazwa kipite, ngumi isipite. Miguu ikifa ganzi ndani ya dakika 20, kwanza sogeza vikanyagio mbele tundu moja; mara nyingi kosa huwa hapo, si kwenye kiti.

Nafasi ikizidi kidogo, jaza. Sponji ya godoro haifai kabisa, hunyonya maji na kuoza. Tafuta ile ngumu ya kutengenezea ndala na gundi ya mafundi viatu: paka kwenye sponji na pale inapobandikwa, subiri ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ongeza sentimita moja kwa wakati. Anayejibana mno hawezi kutoka chombo kikipinduka, kwa hiyo baada ya kila nyongeza jipindue kwenye maji ya kiunoni, sketi ya kuzuia maji, ile izibayo tundu la kukalia, ikiwa imefungwa na mwenzako amesimama kando. Usipotoka papo hapo, punguza.

Sponji hurekebisha nyonga na mapaja, lakini haikizamishi chombo. Mwepesi aliyekwisha kununua kubwa afunge madumu mawili ya lita 5, yaliyojazwa maji pomoni, nyuma tu ya kiti na chini kabisa. Nasema maji, si mawe: kayaki ikifurika, dumu la maji halitaivuta chini. Asiyaweke omoni wala tezini, maana uzito wa nchani hufanya chombo kichelewe kugeuka, na kugeuka ndiko alikolipia.

Wenye hoteli za pwani nao, wanaponunua kayaki nne za saizi moja ili zifanane kwenye picha, wajue kwamba mgeni wa kilo 48 na wa kilo 105 hawatatumia chombo kimoja wakafurahi wote. Wachukue mbili ndogo na mbili kubwa. Na ziwe za plastiki, kwa sababu ya mwamba, zilazwe kivulini. Jua la mchana na kamba iliyokazwa mno hubonyeza tumbo la chombo.

Mpiga kasia,
Kilifi