Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utumwa, Ardhi na Umaskini wa Pwani

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliagiza chama kishughulikie mada moja kwa mwaka mzima, nayo ni uhusiano kati ya utumwa uliokuwepo pwani yetu ya Afrika Mashariki na tofauti za mali zilizopo leo kati ya kaya na kaya. Nawasilisha hapa tulipofika.

Vikao vya mwanzo tulivitumia kusoma utafiti wa Nathan Nunn wa mwaka 2008. Mchumi huyo alikadiria idadi ya watu waliochukuliwa kutoka kila nchi ya Afrika kwa njia ya Atlantiki, Sahara, Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, akaona kwamba nchi zilizopoteza watu wengi zaidi ndizo, kwa kawaida, zilizo maskini zaidi leo. Ni kazi ninayoiheshimu sana, lakini inahesabu waliosafirishwa. Pwani yetu ilikuwa pia mahali ambapo watu hao walibakizwa, kwa kuwa katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na yale ya nafaka ya Malindi, yalitegemea mikono ya watumwa, na vitukuu vyao tunaishi navyo. Kulinganisha nchi na nchi hakuwezi kutueleza hali ya vitukuu hao.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka tuliitoa kwa yale yaliyofuata utumwa ulipofutwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria hadi Aprili 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, tena aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, ilhali fidia alilipwa bwana wake; masuria walisubiri hadi 1909. Mtu aliyepalilia mikarafuu maisha yake yote alitoka bila kumiliki hata shina moja, na wengi walibaki kwenye mashamba yale yale kwa ridhaa ya mwenye shamba. Upande wa Kenya, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati wale walioweza kuthibitisha madai yao katika ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Aliyelima bila karatasi akahesabiwa kuwa skwota, na jina hilo wajukuu wake wanaitwa hadi leo. Hata neno kibarua, tunalolitumia kila siku, linatokana na barua ndogo aliyopewa mtumwa aliyekodishwa kwa kazi za mjini, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa dodoso zetu za kaya, yaani orodha za maswali tunayoziuliza familia. Zinauliza kaya imekula nini na imetumia kiasi gani, kisha jibu linapimwa kwa mstari wa umaskini, yaani kiwango ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, ambao Benki ya Dunia iliupandisha mwezi Juni 2025 hadi dola 3 kwa siku. Majirani wawili wanaweza kuwa sawa kwa kipimo hicho, kumbe mmoja ana hati na mwingine anaweza kuondolewa kesho pamoja na minazi aliyoipanda.

Kamati imekubaliana kuongeza maswali kuhusu namna ardhi ilivyopatikana, nani aliruhusu, na kama familia imewahi kufukuzwa. Hatutamuuliza mtu yeyote kama babu yake alikuwa mtumwa. Wanachama waliotembelea vijiji walikuta wazee wakinyamaza swali hilo linapokaribia, na mimi naamini takwimu yoyote haistahili kupatikana kwa kumvunjia mtu heshima mbele ya watoto wake.

Ofisi moja ya kumbukumbu ilitukatalia majalada bila kutoa sababu, tumeandika tena. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Mwaka ujao tunakusudia kulinganisha mashamba ya maskwota wa Kenya na eka tatu walizogawiwa wakulima wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, ili tuone kama kupata ardhi, hata kwa kuchelewa, kulipunguza pengo. Wanachama wanaoweza kusoma hati za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu nawaomba wajiandikishe kwa katibu kabla ya kuondoka leo.

Mwenyekiti