Jarida la ‘vijana wote’ halina msomaji

Kwa Mhariri,

Kila tamasha la drama na filamu la shule linapokaribia, na kila kikundi cha vijana hapa Mombasa kinapopata fedha kidogo za kuchapisha jarida, swali la hadhira huulizwa mwisho, kazi ikiwa imeshakamilika. Ukisoma andiko la mradi utakuta mstari mmoja: walengwa ni vijana. Kazi huanza kuharibika hapo. Kijana anayevuka feri alfajiri kutoka Likoni kwenda kibaruani Changamwe, kijana wa chuo pale Tudor, na msichana wa Kibokoni anayepaka maharusi hina na kutafuta wateja kwa simu, hawanunui kitu kimoja, hawapumziki saa moja, wala hawachekeshwi na neno moja. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kuchagua somo la sanaa ya maonyesho na filamu, na tunaona heri mambo haya yasemwe mapema, kabla desturi mbovu haijageuka kuwa mafunzo.

Pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulijua jambo hili. Nendeni Barabara ya Biashara mkatazame leso zinavyonunuliwa. Leso ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Mteja huvutwa na rangi akiwa mlangoni, lakini hatoi pesa mpaka asome jina, maana jina ndilo linaloamua doti ile atapelekewa nani: mama mzazi, wifi, bibi harusi, au jirani aliyemchosha kwa maneno. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye alama ya Mali ya Abdulla, limefanya biashara hiyo tangu 1887. Hakuna jina la leso linalosema na watu wote. Jalada la jarida na bango la filamu hufanya kazi ile ile: rangi humwita mtu toka mbali, kisha maneno humhakikishia kwamba anayeitwa ni yeye.

Mpita njia hulipa jalada sekunde mbili au tatu tu. Muuza magazeti wa Digo Road au Moi Avenue hupanga bidhaa zake zikilaliana, na mara nyingi kinachobaki wazi ni jina la juu na ukanda wa kushoto. Kwa hivyo maneno yenye nguvu huwekwa kwenye theluthi ya kushoto. Ukiyaweka kulia chini, yanafunikwa na jarida la jirani, na wewe umelipa wino wa bure. Vichwa vya jalada vinne au vitano vinatosha. Vikifika kumi hakuna kinachosomeka kutoka hatua mbili. Uso wa mtu mmoja anayemtazama msomaji machoni humsimamisha. Picha ya watu kumi na wawili waliojipanga mbele ya kitambaa cha mfadhili, ambayo vikundi vyetu huipenda mno, haimpi mpita njia jicho la kukutana nalo.

Picha hiyo ya jalada iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa ule ule itakaochapishwa, na izidi ukingo kwa milimita 3 kila upande ili kisu cha mchapishaji kisiache mstari mweupe. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha huwa imebanwa na kupoteza maelezo. Mwombeni mpiga picha aitume kama faili. Herufi nyeupe ndogo juu ya picha yenye giza zinapendeza kwenye kompyuta, lakini kwenye karatasi rangi nne za uchapaji zikikosa kukaana sawasawa hata kwa unywele mmoja, matundu ya a na e huzibika kwa wino. Chini ya pointi 9, kwa kipimo cha ukubwa wa herufi, wacheni.

Lugha inatupa chombo ambacho wengi hawakitumii. ‘Jipange’ humwambia mtu mmoja. ‘Jipangeni’ huhutubia mkutano. Jarida hata likipita mikono ishirini kinyozini husomwa na mtu mmoja mmoja, na umoja humkaribia zaidi. Lakini kwa jarida la wazee, linalosomwa barazani mmoja akiwasomea wenzake, wingi una adabu yake. Hali kadhalika ‘wajua’ na ‘unajua’. La kwanza limeshamgusa mtu wa Mvita kabla hajafika neno la pili. La pili ni la nchi nzima. Sheng ya Nairobi kwenye jarida la akina mama wa Mji wa Kale hufunga mlango. Kimvita cha kughushi, chenye ‘ewaa’ kila sentensi, hufunga mlango na kumuudhi mwenye nyumba juu yake, kwa kuwa msomaji huona anaigizwa. Afadhali Kiswahili sanifu kilicho safi.

Tena kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. ‘Watakulipa?’ ni sentensi kamili kwa herufi kumi, nayo inaweza kuchapishwa kubwa kiasi cha kusomeka upande wa pili wa barabara. Vichwa vingi vya majarida yetu ni virefu na vimepooza kwa sababu vilifikiriwa Kiingereza kwanza.

Ndani ya kurasa neema hiyo hugeuka taabu. Maneno yetu ni marefu, na safu tatu za A4 zilizonyooshwa pande zote mbili huacha mapengo meupe yanayoteremka ukurasa mzima. Msomaji hajui kinachomchosha, ila huliweka jarida chini. Tumieni safu mbili, herufi za pointi 10 au 11, mistari iachane kwa pointi 13 au 14, maandishi yashike kushoto na kuachwa huru kulia. Wasomaji waliopita miaka hamsini wapeni pointi 12. Ukataji wa maneno mwisho wa mstari, wa programu iliyowekwa Kiingereza, uzimwe kabisa: utakata ‘wanap-oenda’, ilhali Kiswahili hukatwa kwa silabi, wa-na-po-e-nda, na nd haitenganishwi. Idadi ya kurasa za jarida linalobanwa pini katikati lazima igawanyike kwa nne; ukileta kurasa 30 utarudishwa 28 au ulipie 32.

Kuhusu matangazo, jarida huuzwa mara mbili, kwanza kwa msomaji, halafu msomaji mwenyewe huuzwa kwa mwenye duka. Muuza mabuibui hatalipia ukurasa kwa ajili ya ‘vijana’. Atalipia akiambiwa ni wanawake wa miaka 18 hadi 30, wa Mji wa Kale na Bondeni, na kwamba toleo hilo linatoka wiki tatu kabla ya Idi.

Filamu ina mambo zaidi. Studio za Hollywood hugawa watazamaji mafungu manne: wanaume na wanawake, walio chini ya miaka 25 na waliozidi. Kipimo hicho kina kazi yake kwao, lakini Mombasa huacha nje swali kubwa kuliko yote: mtu huyu anatazama akiwa na nani? Runinga ya sebuleni hutazamwa na nyanya, mama, wajukuu na mgeni aliyepita kusalimia. Busu la sekunde tano linatosha kumfanya mzee aombe rimoti na wakubwa waangalie chini kwa haya. Filamu za Kihindi zilipendwa Pwani kizazi baada ya kizazi, na sababu moja ni kwamba mapenzi yao yalipita kwenye wimbo, macho na mvua, familia nzima ikaweza kukaa. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alizichukua lahani za nyimbo za filamu hizo akazitilia mashairi ya Kiswahili, na masikio yaliyokwisha kuzizoea lahani yakampokea. Na mtu yule yule akijifungia chumbani na simu yake, amekuwa mtazamaji mwingine. Amueni mnamtaka yupi.

DJ Afro naye ametufundisha kitu kikubwa kuliko vitabu vingi. Anachukua filamu ya mapigano iliyotengenezwa ng’ambo kwa watu wengine kabisa, anaisimulia kwa Kiswahili na Sheng, anawatania wahusika, na picha ambayo haikubadilishwa inapata hadhira mpya. Kilichobadilika ni anayesemeshwa.

Kazi nyingi za vikundi vyetu leo hutazamwa kwenye simu, kwa hivyo bango la kwanza ni kijipicha cha YouTube, ile picha ndogo mtu anayoibonyeza kufungua video. Kitengenezeni kwa pikseli 1280 kwa 720. Uso uchukue angalau nusu ya kimo, maneno yasizidi manne, na pembe ya chini kulia msiiandike kitu, kwa kuwa hapo hukaa muda wa video na kufunika kila kilichopo. Kisha sekunde tano za mwanzo. Filamu fupi nyingi hufungua na nembo tatu zinazozunguka, shukrani kwa mfadhili, halafu picha ya bahari kutoka angani. Mwenye bando ya siku moja ameshaondoka. Anzeni na mtu aliye katika shida. Nembo zina nafasi yake mwishoni.

Spika ya simu haitoi besi. Muziki mzito chini ya mazungumzo, ambao studioni ulisikika kama mto wa mbali, kwenye simu hubaki kelele inayokula maneno. Sikilizeni mchanganyo wa mwisho wa sauti kwa simu ya kawaida, mkiwa kando ya barabara yenye matatu. Maandishi ya chini yawe mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 40, yakae kati ya sekunde moja na sita. Kiswahili kitawalazimisha kufupisha, nanyi fupisheni. Mkitaka vipande vya kusimama vya pikseli 1080 kwa 1920, wekeni mhusika katikati tangu siku ya kupiga. Ukikata picha ya kulala baadaye utapata bega la mmoja na sikio la mwenzake.

Trela isizidi dakika mbili na nusu, na ya simu isipite sekunde 45. Kosa baya si urefu, ni ahadi ya uongo. Filamu ya mjane anayenyimwa urithi ikitangazwa kwa trela ya visu na kukimbizana huvuta vijana waliotaka vita, nao huondoka wakitukana. Akina mama ambao wangelia nayo hawakujua kwamba ni yao.

Walimu wakumbuke pia kwamba Bodi ya Uainishaji wa Filamu huweka alama za GE (ya watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (za umri), na kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku runinga hutakiwa kuonyesha yanayofaa familia. Onyesho moja la damu lisilo na lazima linaweza kuwafungia nje watoto mliowaandikia hadithi yenyewe. Na mwezi wa Ramadhani, anayepandisha filamu saa kumi jioni hukuta watu jikoni. Wapo huru baada ya tarawehe.

Stuart Hall, mtaalamu wa utamaduni na vyombo vya habari wa Uingereza, aliandika mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuipokea maana aliyopewa, kuipatana bei, yaani kukubali sehemu na kukataa sehemu, au kuikataa. Watu wa Pwani wamezoea kupatana bei na filamu zinazowaonyesha kama majini, mganga na mtalii. Wakiona kazi iliyotengenezwa hapa hapa ikirudia hayo, hukataa moja kwa moja, na wana haki.

Kabla ya kuchapisha au kupandisha, tafuteni watu kumi wa ile hadhira mliyoiandika, wasiwe jamaa wala marafiki. Waonyesheni jalada au kijipicha kwa sekunde tatu, kisha kifunikeni. Msiulize kama ni kizuri, kwa kuwa watu wetu wana adabu na watasema ni kizuri. Ulizeni, ‘Hiki ni cha nani?’ Wasipojitaja wao angalau saba, rudini mezani siku hiyo hiyo. Kubadilisha faili ni kazi ya jioni moja. Nakala elfu moja zikishakunjwa na kubanwa pini, mchapishaji ataomba malipo upya.

Wapangaji kurasa na wahariri wa video,
Mombasa