Likizo ya mwaka mmoja, shule ya mwaka na nusu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mhasibu, na kazini nina miaka 9. Mitatu ya mwisho nimekuwa nikijifunza Kijapani usiku, nyumba ikishatulia. Desemba iliyopita nilifaulu JLPT, mtihani wa kupima Kijapani kwa wageni, ngazi ya N4. Ngazi ziko 5 na ya chini kabisa ni N5, kwa hiyo usinipigie makofi bado.

Shule moja ya lugha mjini Tokyo imenikubali kuanzia Oktoba. Huko anayeanza Oktoba kwa kawaida humaliza Machi, mwaka na nusu baadaye, na Aprili ndipo kampuni nyingi hupokea wafanyakazi wapya. Nilitaka nisome, kisha nitafute kazi hukohuko. Mwajiri wangu, Mungu ambariki, amekubali kunipa likizo bila malipo, ila ya mwaka mmoja tu. Ukipita, kiti kina mtu mwingine.

Hesabu nimezipiga, si ndiyo kazi yangu. Akiba inatosha ada yote na kodi ya chumba kwa miezi 10. Mwenye visa ya mwanafunzi akipewa kibali huruhusiwa kibarua cha saa 28 kwa wiki, na shule ikifunga likizo ndefu, saa 8 kwa siku. Kuosha sahani sioni aibu. Ninachoogopa ni kuziosha hadi usiku wa manane, asubuhi nisinzie darasani au nisiende kabisa, maana mahudhurio yakishuka visa nayo inaingia matatani.

Nikirudi baada ya mwaka, labda nitakuwa na N3. Kwa kazi ya ofisini waajiri wengi hutaka N2 au N1. Kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136. Mimi nazijua kama 400, na nusu yake huzisahau nikiulizwa ghafla. Nikiacha kazi nikamaliza shule, shahada yangu itanisaidia kuomba visa ya kazi, mradi nipate kwanza kampuni ya kuniajiri. Nikikosa, narudi nikiwa na miaka 36, mikono mitupu.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mama aliniuliza, "Kazi unayo, unakimbia nini?" Nikanyamaza. Visa ile ya kazi hutaka kazi iendane na ulichosomea, yaani nikifanikiwa sana nitakaa Tokyo nikifanya uhasibu uleule, kwa lugha ngumu zaidi. Wazo hilo lilipaswa kunivunja moyo. Badala yake nilijikuta nafungua daftari la kanji.

Nichukue likizo, nisome mwaka mmoja na kurudi na lugha nusu? Au niandike barua ya kuacha kazi? Mwajiri anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa usiku