Salamu za Krismasi kutoka Dodoma: tumaini la msimu wa kupanda

Mbukwenyi! Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, ninyi nyote mnaoipokea Krismasi huko Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi, Kondoa na hapa mjini.

Sikukuu hii hutukuta jembe mkononi. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na hapo katikati, mara nyingi Februari, jua hurudi likaunguza. Ndiyo maana wako wanaopanda mtama na uwele kwenye udongo mkavu, tone halijadondoka. Mbegu ikifukiwa juu juu, manyunyu ya kudanganya huiotesha na jua likaiua. Ikienda chini sentimita 3 hadi 5, ina nafasi nzuri zaidi ya kungoja mvua yenyewe. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, aliwafundisha waumini kumngoja Bwana kwa kumtaja mkulima anayevumilia mpaka mvua ya kwanza na ya mwisho. Mkulima huyo hangoji mikono mitupu, ameshapanda.

Imani humshika aliyeahidi. Tumaini hukitazamia alichoahidi. Abrahamu aliitwa akiwa na miaka 75, na Isaka akazaliwa baba yake ametimiza 100. Katika miaka hiyo 25 aliwaogopa Wamisri hata akamwita mkewe dada, akaharakisha ahadi kwa Hajiri. Maandiko hayakuyaficha hayo, na bado Paulo anamwita baba wa wote waaminio.

Tunalisema hili kwa uchungu, maana wengi siku hizi wanafundishwa kuipima imani kwa sadaka: toa kiasi fulani, gari litakuja kabla mwaka haujaisha. Lisipokuja, lawama humrudia yule yule aliyetoa ada ya watoto. Warumi 5 inapanga vingine kabisa: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huleta tumaini. Hakuna hatua inayonunuliwa.

Mtazameni Simeoni katika Luka 2. Kwa hesabu ya Walawi 12, mtoto aliyeletwa hekaluni alikuwa na kama siku 40, na wazazi wake walitoa sadaka ya wasio na uwezo, ndege wawili tu. Hakukuwa na muujiza wowote wa kuonyesha. Mzee akampakata, akasema macho yake yameuona wokovu, naye yuko tayari kwenda kwa amani.

Kwa ibada ya nyumbani, Injili ya Luka ina sura 24, hivyo anayeanza tarehe 1 Desemba kwa sura moja kila siku humaliza mkesha wa Krismasi. Aliyechelewa asijaribu kufidia kwa sura tano usiku mmoja; watoto watalala na mzee atasoma peke yake. Asome Luka 1:1–38 tarehe 22, 1:39–80 tarehe 23, na 2:1–20 tarehe 24, kabla ya chakula cha usiku na si baada ya kurudi kutoka kwenye mkesha. Habari za Simeoni na Ana ziwekeni tarehe 1 Januari, siku ya nane, Yesu alipopewa jina. Krismasi ina siku 12, kwa hiyo hamjachelewa.

Na kwenye nyumba iliyozika mwaka huu, nendeni. Msiwaambie wafiwa wasilie. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Kuhuzunika kwenyewe hakukukataza. Pelekeni unga, kaeni nao, someni nao, na kama shamba la marehemu halijapandwa, shikeni majembe siku moja kabla udongo haujakauka tena.

Krismasi njema, na Mwaka Mpya wenye mvua ya kutosha.