Tusimvishe Mungu jezi

Mhariri,

Mimi ni mzee wa kanisa, na ni mshabiki wa mpira tangu utotoni. Nalisema hilo mapema ili wasomaji wako wasidhani anayeandika ni mtu asiyejua hata kuotea ni nini.

Jumapili ambayo timu yetu ya taifa ilicheza nusu fainali, ibada yetu ilikatwa ikawa ya dakika 40 ili watu wawahi mechi ya mchana. Waumini wengi walikuja na jezi, na hilo halinisumbui. Bendera ya taifa ilitandikwa juu ya meza ya Bwana, ikaufunika msalaba uliodariziwa kwenye kitambaa chake. Mchungaji akahubiri habari za Daudi na Goliathi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa Goliathi ni nani siku hiyo. Mwisho akaomba miguu ya wapinzani iwe mizito. Nikaitikia amina, tena kwa sauti.

Mechi ikaenda mpaka mikwaju ya penalti. Mshambuliaji wetu akapiga ishara ya msalaba kabla ya kupiga wake, nami nikamwambia mwanangu, "Huyo kalelewa kanisani." Akafunga. Zamu ya kipa wao ilipofika, naye akapiga ishara ileile, akabusu glovu. "Mnafiki mkubwa," nikasema. Neno lilishanitoka kabla sijalipima. Msalaba ni ule ule, kilichobadilika ni rangi ya jezi. Tulitolewa, nikalala bila kula, na nakiri kwamba sijawahi kukosa hamu ya chakula namna ile siku ya Ijumaa Kuu.

Tukihubiri juu ya sanamu huwa tunawafikiria watu wa kale na vinyago vyao. Ya kwetu ina uwanja, ina nyimbo, ina mavazi rasmi, na tunaisamehe mambo ambayo kwingine kote tungeyaita dhambi: matusi kwa refa, chuki kwa jirani, hata uongo. Mwaka 1986, katika robo fainali ya Kombe la Dunia, Diego Maradona wa Argentina aliwafunga Uingereza kwa mkono, akasema bao lile lilitokana kidogo na kichwa chake na kidogo na mkono wa Mungu. Ilikuwa miaka 4 tu baada ya Argentina na Uingereza kupigana vita vya kugombea visiwa vya Falkland, kwa hiyo bao lilibeba fahari ya taifa zima. Dunia imecheka mpaka leo, nami nimecheka. Ila amri ya tatu, jinsi sisi tunavyozihesabu, inakataza kulitaja bure jina la Bwana, na sijui jina hilo litatajwa bure vipi zaidi ya kugongwa kama muhuri juu ya udanganyifu.

Wala si maradhi ya wasioamini. Konstantinopoli ulikuwa mji wa Kikristo, na wakazi wake walikuwa wamegawanyika kwa rangi za mashabiki wa mbio za magari ya farasi, Bluu na Kijani. Januari mwaka 532 mashabiki hao waliingia mitaani wakipiga kelele "Nika!", yaani "Shinda!", wakauchoma mji, na kanisa kuu la Hagia Sophia likateketea. Wanahistoria wa wakati ule wanataja watu wapatao 30,000 waliouawa wakati jeshi la Kaizari Justinian lilipowazima. Hao walikuwa watu waliobatizwa.

Sisemi tuache michezo. Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wakorintho waliokuwa jirani na michezo ya Isthmia, iliyofanywa kwa heshima ya mungu Poseidoni, hakuona haya kuchukua mfano wa mkimbiaji na taji lake liharibikalo. Na yuko Eric Liddell, mkimbiaji wa Uingereza. Mwaka 1924 huko Paris alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulikuwa Jumapili, ingawa Uingereza ilimtegemea. Akakimbia mita 400 akapata dhahabu. Kisa hicho tunakipenda sana mimbarani, lakini tunakiishia kwenye medali, kana kwamba Mungu alikuwa akimlipa. Kilichofuata ndicho kinachonigusa mimi. Alirudi China kuwa mmisionari, Wajapani wakamfunga kambini, akafia humo mwaka 1945. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba vijana wa kambini walipogombana katika mchezo wa hoki siku ya Jumapili, yeye ndiye aliyekubali kuwa refa wao ili wacheze kwa amani. Hata kwa ajili ya taifa lake hakukubali kukimbia Jumapili, ila kwa ajili ya watoto wasioelewana akashika filimbi.

Kama mchungaji wetu angeniuliza, ningemwomba amwache Daudi apumzike, asome Yoshua sura ya 5. Yoshua anakutana na mtu mwenye upanga mkononi, anamuuliza kama yuko upande wao au upande wa adui. Jibu la mtu huyo, ambaye ni amiri wa jeshi la Bwana, linaanza na "La". Na anayejibiwa hivyo ni Yoshua, kiongozi wa taifa teule! Sisi tuna ahadi gani inayozidi ya kwake, mpaka tudhani mbingu zinasubiri kipenga pamoja nasi?

Mechi ijayo ya timu yetu inaangukia Jumapili tena. Kikao cha wazee ni Alhamisi, na nimepeleka maombi matatu: ibada isikatwe, meza ya Bwana ibaki na kitambaa chake, na maombi yawataje wachezaji wa pande zote mbili, pamoja na refa. Wawili kati ya wenzangu wameshaniita msaliti, mmoja wao kwa utani. Jezi yangu nitaivaa.

Mzee wa kanisa