Viunzi vyangu sita na pipa la taka

Kampala

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Michezo ya Mezani

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA MEZA NAMBA 3, NA MADAI YANGU

Ndugu Meneja,

Salamu kwanza, maana nimelelewa.

Barua ya kwanza niliichana Jumapili usiku. Ya pili mke wangu aliisoma akanisihi nisiitume. Hii ni ya tatu, na imepoa kadiri ilivyoweza kupoa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi wenyewe mlitangaza kuwa meza ya Jumamosi ya Dungeons & Dragons, ule mchezo wa dadu ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, ni meza ya Kiswahili, na ndicho kilichonitoa Bweyogerere nikapanda taksi mbili kuja kwenu.

Kanuni yenu namba 4, ile ya mhusika kukubaliwa kabla ya mchezo, mnaijua, mmeibandika juu ya friji ya soda, sina haja ya kuwasomea. Nitasema tu kwamba karatasi ya mhusika wangu iliwafikia Jumanne kwa WhatsApp, ikajibiwa Jumatano kwa maneno "Sawa mzee, iko poa" (mimi si mzee, nina miaka 34, lakini hilo tuliache), na Alhamisi nikatuma shilingi 180,000 za vikao sita. Pesa haikukataliwa. Pesa haikuulizwa ina uchawi gani.

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, mwendesha mchezo wenu, yule kijana wa kofia nyekundu, alinyoosha mkono akazoa visanamu vyangu sita vya viunzi vya mifupa, askari wa mhusika wangu, kutoka mezani kama mtu anayepangusa makombo, akavitupa, vitano kwenye pipa juu ya mabaki ya rolex, ile chapati ya mayai, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Hapa hatuchezi na basezi." Ukumbi ukacheka kusikia nikiitwa mchawi wa usiku. Mpwa wangu wa miaka 13 alikuwa amekaa ubavuni kwangu.

Nitarudi hapo. Kwanza tumalize habari ya kanuni, kwa sababu nilipopiga simu Jumatatu niliambiwa eti mimi ndiye niliyevunja kanuni.

Mimi ni karani wa stoo Kisenyi. Kazi yangu ni kuhesabu magunia, kwa hiyo ukinipa kitabu cha kanuni nakisoma kama hati ya mzigo. Dungeons & Dragons imechezwa tangu 1974 na ni mchezo wa hesabu kuliko watu wanavyodhani. Mganga anayejifunza uganga kwa kitabu ana dadu ya uhai ya pande 6, na hakuna iliyo ndogo kuliko hiyo. Rungu likimpata mara mbili tatu, amelala. Lazima awe na wa kusimama mbele yake. Wenzangu wengi huchagua mkondo wa moto, wakaunguza adui, wakaunguza na sisi. Mimi nilichagua mkondo wa wafu. Nilitengeneza mfufua wafu.

Mlitutangazia tuanze ngazi ya 6. Kwenye ngazi hiyo mganga ana nafasi 3 kwa siku za manuizo (maneno ya uchawi) ya ngazi ya 3, na nuizo la kuinua wafu ni la ngazi hiyohiyo. Linachukua dakika 1 nzima, kwa hiyo si kitu cha kufanya huku unakimbizwa. Linataka tone la damu, kipande cha nyama na unga kidogo wa mfupa. Mganga mwingine akilitumia anainua maiti mmoja; mfufua wafu wa ngazi ya 6 anainua wawili. Tatu mara mbili ni sita. Hapo ndipo sita wangu walipotoka, hawakutoka kaburini kwa babu yangu. Kiunzi cha kawaida kina pointi 13 za uhai. Cha mfufua wafu kinaongezewa ngazi ya bwana wake, kwa hiyo changu kina 19, na mshale wake unauma kwa pointi 3 zaidi. Ningeweza kuinua zombi, yule Watanzania wanayemwita msukule. Ana pointi nyingi zaidi na mara nyingine anagoma kufa. Lakini zombi hana upinde, na mimi nilitaka wapiga mishale wa kusimama nyuma wasisumbue mtu.

Kijana wenu akasema naleta "jeshi la bure". Bure gani? Saa 24 zikipita viunzi vinaacha kukutii. Ili kuvishika tena lazima unuize upya, na nuizo moja linashika vinne tu. Kwa hiyo kila siku mhusika wangu anatumia nafasi 2 kati ya 3 kwa ajili ya kutunza alionao. Anabakiwa na moja. Mtu mwenye watoto sita na mshahara mmoja ataelewa hesabu hiyo kabla sijaimaliza.

Na kama aliwaona ni wengi mno, dawa yao imo kitabuni: silaha butu huwaumiza mara mbili. Majambazi watatu wenye marungu, kwisha habari. Mwendesha mchezo anayejua kazi yake angewaleta hao majambazi kimyakimya, mimi ningepoteza viunzi vinne, ningecheka, tungeendelea. Huyu wenu alileta mkono.

Najua lalamiko la haki dhidi ya mfufua wafu. Zamu yake ni ndefu, viunzi sita ni mishale sita, wengine wanabaki kutazama simu. Nililiwazia hilo kabla yake. Nilinunua kwenu, kwa shilingi 45,000, dadu sita za pande 20 za rangi sita, kila kiunzi na rangi yake, nizirushe zote mara moja. Nilijipima kwa saa ya simu nyumbani: sekunde 40. Kuna mtu meza ile hutumia dakika nne kuamua kama apige au akimbie, na hakuna aliyemzoa.

Nilipopiga simu Jumatatu, dada wa mapokezi akaniambia kitabu kipya cha 2024 hakina mfufua wafu. Kweli, mikondo minne ya waganga iliyomo humo haina huo wa kwangu. Lakini tangazo lenu liliandika kitabu cha 2014, kwa wino mwekundu. Na hata hicho cha 2024, nuizo la kuinua wafu bado limo. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Subiri kidogo," na salio langu likaisha nikisubiri.

Halafu kuna hili la uovu, maana nasikia ndilo mnalojitetea nalo sasa. Kitabu chenyewe kinasema kuinua wafu si tendo jema na kwamba wanaolifanya mara kwa mara ni waovu. Nimekisoma kipengele hicho pengine mara nyingi kuliko kijana wenu. Ndiyo sababu sikumwandika mtu mwovu. Mhusika wangu ni karani wa makaburi, mtu wa kalamu kama mimi. Kabla ya kuinua mifupa anaiuliza jina na deni gani iliacha. Anaandika daftarini. Deni likilipwa, anawarudisha ardhini na kufuta mstari. Sita wale walikuwa askari walioapa kulinda daraja wakafa wamelala zamu. Walitaka kumalizia zamu yao. Nilikuja na daftari lenyewe, la kurasa 48, mistari sita imejazwa. Kijana wenu hakulifungua. Aliweka chupa yake ya soda juu yake, na duara la maji lipo hadi leo kwenye jalada.

Sasa turudi kwenye pipa.

Viunzi vile havikununuliwa. Nilivitengeneza jioni tatu, kwa vijiti vya meno, waya mwembamba na gundi, mimi na mpwa wangu, taa ya sola katikati. Cha nne alikitengeneza yeye peke yake. Mkono wake mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine, akataka kuurekebisha, nikamwambia auache, huyo ndiye atakayekuwa mpiga upinde bora. Upinde wake ulikuwa unyuzi wa fagio. Mtoto alikishika mkononi ndani ya taksi njia nzima kutoka Bweyogerere, hakutaka kiwekwe kwenye mfuko.

Nilikuwa nimevipanga nyuma ya askari (knight) wa rafiki yangu, naeleza habari ya daraja. Sikuwa nimemaliza sentensi. Mkono ukapita. Vitano vikaingia pipani, na pipa halikuwa tupu: kulikuwa na chapati iliyolowa, mayai, nyanya, karatasi za mafuta. Kimoja kilianguka sakafuni. Kijana akasogeza kiti chake ili akae, na mguu wa kiti ukakaa juu ya kiunzi. Mlio wake ni mdogo sana, ni mlio wa kijiti cha meno tu, lakini mimi niliusikia na mpwa wangu aliusikia, na alijua ni cha nani. Ndipo likaja lile neno. Basezi. Msichana wa kaunta alikuwa ameinua simu anarekodi, anacheka hadi simu inatikisika. Kijana, alipoona anarekodiwa, akalisema mara ya pili, safari hii akinielekezea kidole: "Huyu ni musezi, usiku anafukua." Mtu mzima mzima, nimesimama mbele ya watu na mkono wangu uko pipani naokota vijiti kwenye mayai.

Mpwa wangu amekulia Busia, mpakani na Kenya, neno hilo la Kiganda halijui. Kwenye taksi ya kurudi akaniuliza, "Mjomba, musezi ni nini?" Mnataka nimjibu vipi? Nimwambie ni mtu anayesemwa hutoka usiku akicheza uchi, akafukua maiti za watu akazila? Ninyi ni watu wa Kampala, hilo si neno la mchezo. Kuna watu katika nchi hii wamehamishwa vijiji na kuchomewa nyumba kwa neno kama hilo, na hawakuwa na dadu wala daftari.

Nimesahau kusema: kabla ya yote hayo, tulipofika tu, kijana huyohuyo aliipokea karatasi yangu, akaisoma, akasema "Mhusika mkali huyu." Kwa hiyo sielewi. Ama alikuwa hajasoma, ama alisubiri watu wajae.

Video imefika Bweyogerere. Jumanne asubuhi nilipokwenda stejini, bodaboda ninayepanda naye kila siku aliniuliza kwa kicheko kama usiku nilicheza vizuri. Alikuwa anatania. Wa nyuma yake hakucheka. Mwenye nyumba wangu ni mama wa kanisani na bado hajaiona, na mimi kila nikisikia hatua zake uani nasimama nasikiliza.

Nilichokusudia kuwaomba nilipoanza kuandika ni kidogo: mnirudishie shilingi 180,000, basi, kila mtu aende zake. Lakini nikihesabu vizuri, kuna 45,000 za dadu, ambazo sina pa kuzirushia tena, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, 16,000. Jumla 241,000. Naomba zije kwa namba ileile niliyolipia, kwenye daftari lenu ipo. Video ifutwe kwenye kurasa zenu leo, si kesho. Na msamaha usemwe Jumamosi, meza namba 3, saa tisa na nusu, mbele ya watu walewale, na kijana mwenyewe, akiwa amevua kofia. Amwombe mtoto kwanza, kisha mimi.

Msinitumie ujumbe wa "tunasikitika kwa usumbufu". Usumbufu ni mvua.

Nawapa siku saba. Nikifikiria yule wa stejini ambaye hakucheka, nawapa siku tano. Zikipita nitakwenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) nikiwa na video na daftari, na kutoka hapo nitamwona wakili. Nimeshauliza, nimeambiwa kumwita mtu musezi mbele ya kamera ni kashfa ya kutosha kabisa, na kwamba anayeshtakiwa si kijana peke yake, ni aliyemwajiri pia. Hapo hatutaongea tena habari ya 241,000. Na mjue meza ya Jumamosi ina watu saba. Wanne wameshaniambia wakiniona nimeondoka wanaondoka nami, na mmoja wao ana sebule kubwa na meza ya kulia ya watu wanane. Mwendesha mchezo tumepata. Ameniuliza swali moja tu, viunzi vyangu vina upinde au upanga.

Wenu, kwa heshima iliyobaki,

Mteja wa meza namba 3

N.B. Dadu yangu ya kijani ya pande 20 ilibingirika chini ya friji wakati wa vurugu ile. Ni ya kiunzi cha nne. Naihitaji, na sitaki kusikia imetumiwa na mtu mwingine.