Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: Tufungulieni majengo tuyaone

YAH: OMBI LA SIKU YA WANANCHI KUTEMBELEA MAJENGO YA JIJI

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Mimi ni fundi mwashi, mkazi wa Nkuhungu. Nimeanza kujenga Dodoma kabla haijatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na nyumba zilizopita mikononi mwangu, nyingine kwa msingi tu, nyingine mpaka plasta, siwezi tena kuzihesabu. Nakuandikia kwa jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana.

Tulikuwa tunatoka saiti, mimi na kijana wangu wa kazi. Tukapita mbele ya ofisi moja ya umma ambayo ukuta wake wa upande wa magharibi umejengwa kwa tofali za matundu, kama wavu. Nikasimama nimwoneshe namna kivuli cha tofali la juu kinavyoliangukia la chini, kiasi kwamba hata saa tisa alasiri jua haliingii ndani, lakini upepo unapita. Mlinzi akatujia. "Mnatafuta nini hapa?" Nikamjibu tunaangalia jengo. "Jengo lina nini cha kuangalia? Kama hamna shida ya ofisi, pitilizeni."

Simlaumu, amewekwa pale alinde. Kilichoniuma ni swali la kijana tulipofika barabarani: "Fundi, kwani kuna mtu anakaa chini kufikiria hayo matundu?" Mwaka wa pili huu anachanganya zege, na mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia kwamba ndiyo, yupo.

Na mji huu, Mkurugenzi, ulifikiriwa kuliko miji mingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, na mwaka 1976 ukatoka mpango wa mji, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Mpango ule haukutaka makao makuu ya kumtisha mtu. Ulitaka majengo ya chini yanayofuata mabonde na vilima vyetu, watu watembee kwa miguu na wapande basi, na mitaa ianzie kwenye nyumba kumi kumi, kama balozi wa nyumba kumi anavyowajua watu wake. Mengine yalifanyika, mengi hayakufanyika. Lakini mimi nimeyajua haya nikiwa mtu mzima, kwa mpima ardhi mmoja tuliyekuwa tukinywa naye chai saiti. Shuleni sikuyasikia, na mjini sijaona kibao hata kimoja kinachoyaeleza.

Tena kabla ya wataalamu kulikuwa na tembe, nyumba yetu ya asili ya udongo.

Nimezaliwa ndani ya tembe, upande wa Mvumi. Anayepita barabarani huona kichuguu kirefu chenye mlango. Ukiinama ukaingia saa saba mchana mwezi wa Oktoba, unapokewa na ubaridi kama wa mtungini. Kuta ni nguzo na fito zilizojazwa udongo, nene. Paa ni bapa: mihimili, juu yake fito zilizobanana, juu yake majani, kisha udongo unaoshindiliwa. Udongo ule unakunywa joto mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku, ambapo Dodoma unahitaji blanketi. Vyumba vinazunguka ua, ng'ombe na mbuzi wanalala katikati, na upepo wetu huu mkali unapita juu bila kupata pa kushika. Juu ya paa bibi alikuwa anaanika mlenda. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba alitupandisha wajukuu na ndoo za udongo wa kichuguu, yeye amesimama chini na fimbo anatuonesha pa kuziba. "Hapo! Sio hapo, hapo panapozama!" Alikuwa anaona mteremko wa vidole viwili ambao mimi leo nautafuta kwa pima maji.

Ilipokuja Operesheni Dodoma mwaka 1971 na watu kuhamishiwa vijijini, tembe nyingi ziliachwa, na tangu hapo tembe ikawa jina la umaskini. Nakubali, bati ni jepesi kutunza na halidai udongo kila mwaka. Ila leo mteja ananiletea picha kwenye simu, nyumba ya mji mwingine kabisa, anataka kioo kutoka chini hadi juu upande wa magharibi. Nikimshauri anaona namnyima nyumba nzuri. Miezi sita baadaye ananunua mapazia mazito na feni mbili. Hajui kuchagua kwa sababu hajawahi kuoneshwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Makazi, na siku hiyohiyo ni ya usanifu majengo. Jumamosi inayoitangulia, tufungulie milango. Stesheni ya zamani, kwenye reli ambayo Wajerumani waliifikisha hapa 1910. Ukumbi wa Bunge ulioanza kutumika 2006. Msikiti wa Gaddafi, kama wenyewe wataridhia. Wizara mojawapo pale Mtumba. London wanafanya hivi tangu 1992, na watu hupanga foleni kuingia majengo waliyokuwa wanayapita tu. Na tusiende mbali: Dar es Salaam wana kituo cha urithi wa usanifu ndani ya Boma la Kale, jengo la miaka ya 1860.

Wanaoeleza wawe wabunifu majengo wenyewe, wakadiriaji majenzi, na sisi mafundi. Sisi ndio tunajua lenta ipi ilisumbua. Kisha kila jengo libaki na kibao cha Kiswahili: mwaka, jina la aliyechora, na kwa nini dirisha limekaa pale. Soko la Kariakoo na miavuli yake ya zege lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Ni watoto wangapi wanaopita pale wanalijua jina hilo?

Na tembe moja ijengwe mjini, si sanamu ya kupigia picha, bali nyumba ya kuingia na kukaa. Wazee wanaojua kazi hiyo bado wapo Mvumi na Chamwino, lakini wengi hawawezi tena kupanda juu ya paa. Mimi na kijana wangu tutajitolea siku kumi bila malipo. Udongo wa kichuguu tutauleta wenyewe. Tunachoomba ni kiwanja na mbao, na kazi ianze Septemba ili paa liwe limeshindiliwa kabla ya mvua.

Wako katika ujenzi wa Jiji,
Fundi mwashi, Nkuhungu, Dodoma